Mstari wa Kumi na Mbili

Kote Roret, na hata ng'ambo ya mto kwenye mashamba ya upande wa Bomet, ukitaja kupogoa chai watu watakutajia Johana. Si kwamba wapogoaji wamekosekana. Mtu yeyote mwenye panga kali na shida za kutosha anaweza kujiita mpogoaji. Lakini shamba likikatwa na Johana, mwenye shamba huita majirani waje kutazama. Wengine hutembea na kijiti cha kupimia; yeye aliegemeza paja lake kwenye mti wa chai, akautazama mara moja, panga likaanza kwenda. Akifika mwisho wa mstari, miti mia moja ilikuwa na kimo kimoja, imelala sawa kutoka upande wa karibu hadi upande wa mbali, wala hakuna tawi lililopasuka. Tawi likipasuka maji huingia, mti ukaoza kutoka ndani, na Johana alikuwa akisema kwamba mpogoaji anayepasua matawi aende akapasue kuni, huko hakuna atakayemlaumu.

Aliyemjua vizuri kuliko wote ni Owiti, kwa sababu kwa miaka sita walikata pamoja, Johana mstari huu, Owiti mstari wa pili yake. Owiti alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa kampuni moja ya chai kule Kericho, wazazi wake wakiwa wametoka upande wa ziwa, na alichuma chai tangu apate kitambulisho hadi siku zilipoletwa mashine za kuchumia, mashine moja ikafanya kazi ya watu thelathini. Alipofika Roret kutafuta kibarua watu walimpa jembe. Johana peke yake ndiye aliyempa panga. Alimfundisha namna ya kusimama na namna ya kukata kwa pigo moja la kuelekea juu, akamvumilia msimu mzima akiharibu. Sasa Owiti alikuwa na miaka thelathini na minane, baba wa watoto watatu, na bado Johana akikohoa tu nyuma yake alirudi kuangalia mti alioukata.

Walitaniana mchana kutwa. Johana alisema kwamba kwa akina Owiti kuku akifa kijiji kizima hulia siku tatu. Owiti alimjibu kwamba Mkipsigis kama yeye, nyumba yake ikiungua, atakaa aitazame kama mtu anayeota moto. Kila mmoja alijua mwenzake hajakosea sana. Johana alitiwa jandoni enzi ambazo kijana akikunja uso kisu kinapopita, aibu ile ilimfuata mpaka kwa wajukuu. Yeye hakukunja, na tangu siku hiyo hakuwa na mazoea ya kukunja. Mwaka mmoja panga lilimteleza likamchana muundi hata mfupa ukaonekana mweupe. Alifunga kitambaa, akamaliza mstari, akauliza kama chai ya saa nne imeshaletwa. Owiti alikwenda nyumbani akamsimulia mkewe habari hiyo kama mtu aliyeona mlima ukitembea, na kwa muda mrefu aliamini kwamba hakuna ujasiri mwingine zaidi ya huo.

Basi mwezi wa saba mwaka huu, mkono wa kulia wa Johana ukaanza vituko.

Alikuwa akikata, kisha vidole vinafunguka vyenyewe, panga linaanguka katikati ya mti. Mara ya kwanza Owiti alicheka. Mara ya tatu hakucheka tena. Aliona nyama ya mkono, kati ya kiwiko na kifundo, ikirukaruka chini ya ngozi kama samaki aliyewekwa kwenye beseni. Johana alisimama akaitazama mpaka ikatulia, akaokota panga, akaendelea. Alipoulizwa alisema ni baridi. Na kwa kweli ilikuwa baridi, lakini baridi hiyo ilikuwa ya watu wote na mapanga ya wengine hayakuanguka.

Owiti naye akafanya kosa ambalo bado linamuuma. Aliona kwamba miti ya Johana haikatwi vizuri upande wa mbali, ule unaofikiwa kwa kunyoosha mkono. Hakusema. Alfajiri alitangulia shambani, akapita kwenye mistari ya jana ya mzee na kuirekebisha kabla mwenye shamba hajaamka. Alifikiri anamtunzia heshima. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote kuhusu anayemsaidia kuyaficha.

Nyumbani kwa Johana, mkewe Chepkemoi hakuhitaji kuambiwa. Mtu akianza kushika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto, mkewe anajua. Alimkanda kwa mafuta ya moto. Mama mmoja kutoka Soin alileta mizizi ya kuchemsha. Binti yao Chelimo, mwalimu kule Bomet, alituma bandeji ya mpira ya kufunga kwenye kiwiko. Zahanati wakamchoma sindano za mishipa, mchungaji akamwombea, na watu wa barabarani, ambao huwa na dawa ya kila kitu isipokuwa midomo yao, wakasema ama ameanza kunywa ama kuna mpogoaji mwenzake aliyemfanyia kitu. Mkono ukazidi. Mwezi wa nane ulipoingia, nyama ya juu ya mkono ule ilikuwa imepungua hata shati lilipwaya upande mmoja.

Ndipo walipokwenda hospitali kubwa. Daktari kijana alimpima kwa makini, akasema inaonekana mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono, na watampasua hapo Alhamisi ya wiki iliyofuata. Alimwambia wazi pia kwamba mkono unaonyauka hivyo, usipopatiwa tiba iliyo sawa mapema, mwakani hautashika panga. Johana alimshukuru, akarudi nyumbani na kulisha ng'ombe.

Chepkemoi ndiye aliyemweleza Owiti hayo yote, wamesimama kwenye lango. Owiti akataka kujua daktari alimpimaje.

Alimpima vizuri, Chepkemoi alisema. Alianza shingoni akashuka hadi vidoleni, akibonyeza na kuuliza, hapa je, na hapa je. Aliuinua mkono juu, akaupeleka nyuma. Na alikuwa akimtazama usoni muda wote.

"Na mzee alisema nini?"

"Si unamjua. Alisema hapana, hapana, hapana. Ni hapa chini tu inaruka."

Owiti alikwenda zake, lakini jambo hilo lilimganda. Daktari alikuwa akisoma uso wa Johana. Yeye Owiti alikuwa amekaa na uso huo miaka sita na hajawahi kusoma humo hata herufi moja.

Jumatatu, siku tatu kabla ya upasuaji, Gibson alimwita. Gibson ni mwalimu mstaafu mwenye ekari moja na nusu ya chai, na amebaki mwalimu. Hata akikusalimu unahisi atakusahihisha. Shamba lake ndilo walilolipogoa mwanzo wa msimu, mwezi wa sita. Sasa machipukizi yalikuwa yamefika urefu wa kiganja, na Gibson alitaka kujua kwa nini chai yake inaota kama ngazi. Alisema upande wa juu wa shamba ni kazi ya Johana aliyemjua. Upande wa chini ni kazi ya nani?

Owiti aliingia kati ya mistari akayatenga machipukizi kwa mikono ili aone mahali panga lilipopita. Mistari yake mwenyewe aliitambua mara moja, ina mawimbi kidogo, Mungu amsamehe. Akafuata ya Johana. Mmoja, miwili, mitatu, yote imelala sawa. Alihesabu kumi na mmoja. Wa kumi na mbili, upande wa mbali wa kila mti ulikuwa umepanda, vidole viwili, mahali pengine vitatu. Wa kumi na tatu hivyo hivyo. Na humo ndani akakuta kitu ambacho hakuwahi kukiona kwenye kazi ya mzee: tawi lililopasuka. Halafu lingine. Wakati ule hawakuona lolote, kwa sababu kila mtu alikuwa ameinama kwenye mstari wake, na tofauti ya vidole viwili huonekana tu chai ikichipuka.

Alisimama pale akijiuliza. Mkono unaoharibika polepole huharibu kazi polepole. Huu ulikuwa mzima kwenye mstari wa kumi na mmoja, ukawa mgonjwa kwenye wa kumi na mbili. Kati ya mistari hiyo miwili ulipita mtaro wa maji. Na Owiti akakumbuka. Ilikuwa Ijumaa, yeye ni Msabato na hakati chai Jumamosi, kwa hiyo walikazana wafike kwenye mtaro kabla jua halijashuka, wakafika, wakaagana. Waliuanza mstari wa kumi na mbili Jumatatu.

Alikwenda moja kwa moja kwa Chepkemoi akamuuliza Jumamosi ile mzee alikuwa wapi.

Chepkemoi alinyoosha kidole kwenye mtamba mwekundu aliyefungwa kando ya zizi. Johana alikwenda Mulot kumnunua. Yeye na mtamba waliletwa na pikapu mpaka njia panda, wakashuka, Johana akaizungusha kamba mara mbili mkononi wakaanza kutembea. Lori likapiga honi nyuma yao. Mtamba akaruka, akamwangusha, akamburuta kwenye mfereji wa barabara hatua kama ishirini, mkono umenyooshwa mbele yake, na kamba hakuiachia. Alifika nyumbani na matope mpaka masikioni, akawa anachekesha watu kwa habari za mtamba mwenye wazimu. Jumapili aliuweka mkono ndani ya koti kanisani. Jumatatu akaenda kazini.

"Na daktari mlimwambia?"

Chepkemoi alitikisa kichwa. Hapana, alisema. Daktari aliuliza panauma wapi, hakuuliza habari za ng'ombe. Na hata yeye alishasahau, maana mzee mwenyewe aliigeuza kichekesho.

Sasa kujua ni jambo moja, kumwambia mtu kama Johana ni lingine. Kumwambia fundi kwamba kazi yake imepinda, fundi aliyekupa panga watu wengine walipokupa jembe, kunahitaji moyo. Owiti alilala na neno hilo, akaamka nalo. Jumatano asubuhi alimpitia Johana akamwambia kuna kitu kwa Gibson anataka akione. Walitembea bila utani.

Hakueleza kitu. Alimwonyesha tu mstari wa kumi na mmoja, wakavuka mtaro, akayatenga machipukizi ya mstari wa kumi na mbili.

Johana alitazama. Alipiga goti akatazama tena, akaanza kwenda kutoka mti hadi mti, akifunua kwa mkono wa kushoto. Kwenye tawi la kwanza lililopasuka alikaa muda mrefu. Alitoa kisu kidogo mfukoni, na kwa mkono huo wa kushoto usiozoea kazi, akajaribu kulisafisha lile jeraha ili maji yasizidi kuingia. Owiti aliona haya kumtazama. Kama angeweza angempa mkono wake mwenyewe.

"Kumbe umekuwa unazunguka ukihesabu makosa yangu," Johana alisema, bado amepiga goti.

"Mzee, mimi sikuhesabu makosa. Nilikuwa natafuta mahali uliumia."

Johana akalirudia lile tawi kwa kisu.

"Ni bega. Ni ile ng'ombe ya Mulot. Kesho wanataka kukata mkono huku chini, na ugonjwa iko huku juu. Watakupasua bure, na bega itaendelea kuharibika mpaka ushindwe kabisa. Daktari hawezi kujua kama wewe hutasema. Miti imesema, wewe bado."

Maneno ya mwisho yalimtoka kabla hajayapima. Johana alisimama, akafuta kisu kwenye suruali, akaondoka peke yake kwa njia ya mtoni. Owiti alibaki shambani kwa Gibson akiwa na hakika kwamba amempoteza mwalimu wake, na kwamba mkono pia umepotea, yaani amekosa huku na huku.

Lakini Alhamisi asubuhi, alipofika njia panda akiwa hana uhakika hata wa kusalimia, alimkuta Johana amevaa koti la kanisani, Chepkemoi kando yake ameshika bahasha ya hospitali. Johana alimwangalia, akasema twende, basi.

Siku hiyo hakukuwa na yule daktari kijana. Alikuwepo daktari mwanamke aitwaye Nyamwange, mwenye sauti ya chini na macho yaliyochoka, ambaye ndiye angempasua. Owiti aliomba ruhusa akasema yote: mtaro, mstari wa kumi na mbili, mtamba, kamba iliyozungushwa mara mbili. Alijisikia mjinga akimweleza daktari mambo ya kupogoa. Nyamwange hakucheka. Aliuliza miti imepanda upande gani, karibu au mbali, na alipoambiwa mbali, aliweka kalamu chini akamwomba Johana avue shati.

Alisimama nyuma yake, akayalinganisha mabega yote mawili, akasema kwamba hili la kulia limeshuka. Alieleza kwamba mtu akiumia begani mara nyingi maumivu hushukia mkononi, na misuli ya chini ikianza kufanya kazi ya bega inachoka na kuruka. Lakini inaweza kuwa kifundo pia. Hata shingo inaweza. Kisha akaushika mkono akaupandisha taratibu kwa upande, mpaka usawa wa sikio.

"Hapa panauma, mzee?"

Uso wa Johana ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesikiliza mahubiri. Owiti aliutazama uso huo aliouheshimu kwa miaka sita, na kwa mara ya kwanza akauchukia.

"Hapana," Johana alisema. Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea.

Nyamwange aliushusha mkono. Hakukasirika. Alichukua ile karatasi ya upasuaji akaiweka juu ya meza mbele ya Johana. Alisema kwamba rafiki yake ameeleza vizuri, na picha za bega zinaweza kupigwa leo, upasuaji ukasimamishwa. "Lakini mkono ni wako," alisema. "Mwenye kuumwa akiniambia haumwi, siwezi kuandika maneno ya jirani. Kama bega ni zima, weka sahihi hapa twende."

Owiti alifungua mdomo. Chepkemoi akamgusa kiwiko, akaufunga.

Johana aliitazama karatasi. Aliichukua kalamu kwa mkono wa kulia, na walipokuwa wakimtazama, nyama ya mkono ikaanza kuruka tena na kalamu ikaanguka sakafuni. Hakuna aliyeiokota. Kulikuwa na kelele za vikombe kutoka mahali fulani kwenye ujia, na Johana aliendelea kuitazama karatasi ile muda mrefu, jasho likimtoka juu ya mdomo ingawa chumba kilikuwa na baridi. Mtu ambaye hajalelewa hivyo anaweza kudhani ni jambo dogo. Owiti, ambaye kwao wanaume hulia mbele ya watu na hakuna anayewashangaa, alijua siku hiyo kwamba si dogo. Alikuwa amemwona Johana akimaliza mstari na mfupa wa mguu uko nje, na hiyo ilikuwa kazi nyepesi kuliko hii.

"Daktari," Johana alisema. "Rudisha mkono pale ilikuwa."

Nyamwange aliupandisha tena, kwa upande, mpaka usawa wa sikio.

"Hapo."

"Hapo kuna nini, mzee?"

Uso haukusogea. Lakini midomo ilifunguka, ikafungwa, ikafunguka.

"Inauma," Johana alisema. "Inauma sana."

Chepkemoi aliketi kwenye kitanda cha wagonjwa bila kuambiwa. Alikuwa amezaa na mtu huyu watoto watano na kumzika mmoja pamoja naye, na katika miaka thelathini na miwili hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Machozi yalimtoka, na Owiti naye yakamtoka, kama ilivyo desturi ya kwao.

Nyamwange aliikunja ile karatasi akaitupa kwenye ndoo, akavuta nyingine nyeupe. Akamwambia aendelee, amweleze pole pole.

"Na nyuma hapa, ukipeleka hivi. Na nikilalia hii upande. Nikivaa koti. Nikinyoosha mkono nifikie mti upande ya mbali, inakatika kama kamba. Iko hivyo tangu ile siku ya ng'ombe."

Aliendelea kusema, sauti yake ileile ya kuagiza chai ya saa nne. Alitaja usiku aliokaa jikoni ili mkewe asijue. Alitaja mguu pia, ule wa panga, kwamba wakati wa mvua humsumbua. Alitaja jino. Nyamwange aliandika mpaka chini, akaigeuza karatasi, akaendelea kuandika upande wa pili.